Maji ya Kutazama

Pesa ya korosho iliingia Jumanne
na Ausi hakununua bati.
Alinunua mifuko kumi na miwili ya saruji,
turubai jeusi, bomba la nusu inchi,
akaenda nyuma ya jiko, kwenye mihogo yangu,
akachora duara kwa kamba na kijiti.
Halikuwa duara. Lilikuwa kama figo.
"Bwawa halinyooki," akasema.
"Bwawa hujikunja, kama mtu anayefikiri."

Miaka miwili alifyeka nyasi Shangani, Mtwara mjini,
kwa mhandisi wa gesi aliyetoka Japani.
Kule alijifunza kupogoa mti uonekane mzee,
kupanga mawe kwa witiri: matatu, matano, saba,
na kukaa kimya mbele ya samaki.
Mhandisi aliondoka. Kimya kikarudi nyumbani na mume wangu.

Lakini hapa ni Newala.
Hapa dumu la maji lina bei, na mgeni mstaarabu
hanawi mpaka aambiwe nawa.
Bi Nampota akachungulia juu ya ua wa mabua:
"Mnachimba kaburi la nani?"
"La samaki," nikamjibu. Nilikuwa na hasira.

Mawe yalitoka Masasi juu ya fuso la pumba.
Mianzi ilitoka Rondo, ikapoteza majani njiani.
Daraja alilipaka rangi ya kuzuia kutu,
ile nyekundu ya mageti;
ni daraja la hatua mbili, ya tatu uko kwenye bamia.
Taa ya jiwe hakuna aliyeweza kuichonga,
akampa Nantipi gogo la mpingo na picha kwenye simu.
Wiki tatu. Taa ikaja na midomo minene,
chale mashavuni, na macho pale pa kuweka mshumaa.
"Nilikuwa nachonga nyumba," Nantipi akajitetea,
"huyu akawa yumo ndani."
Ausi hakusema neno kutwa nzima.
Magharibi akamkuta mahali pake, kwenye ukingo,
akamwasha.

Mvua ya Desemba ilijaza kisima, kisima kikajaza bwawa,
bwawa likavuja usiku kucha, likazibwa, likajazwa tena.
Samaki walipanda basi Dar es Salaam, tisa,
ndani ya mfuko wenye hewa. Wakashuka watano.
"Witiri," akasema Ausi, na sauti yake haikucheka.
Mmoja mweupe mwenye doa la mkwaju kichwani,
wawili rangi ya embe, mmoja wa majivu,
na mmoja ambaye Somoe, binti yetu,
alimwita Mwalimu Mkuu, kwa sababu ya masharubu.

Halafu mama yangu akaja.
Mama aliyeshuka bondeni saa nane za usiku
akapanda ule mteremko na mtungi, jua likimchoma kisogo.
Kikombe kimoja, nyuso tano za watoto.
Maji yale yale yakaosha sufuria,
yakamaliziwa kwenye mgomba, na mgomba ukashukuru.

Alisimama kwenye daraja la hatua mbili.
"Ya kunywa haya?"
"Hapana, mama."
"Ya kufulia?"
"Hapana."
"Sasa ya nini?"
Nilitazama chini. Ausi ndiye aliyejibu, taratibu,
kama anayekiri deni:
"Ya kutazama."

Nikangoja tusi. Nilikuwa nimelitayarishia mahali.
Mama akachuchumaa, akakunja kanga,
akatumbukiza mkono mpaka kiwiko.
Mwalimu Mkuu akaja kuunusa.
Alipoutoa hakuufuta. Aliuacha udondoke mchangani,
tone, tone,
akiyatazama matone yote mpaka la mwisho,
mwanamke ambaye hakuwahi kumwaga hata tone.
"Niletee kigoda," akasema.

Mihogo nimeihamishia mbele ya nyumba.
Bati bado linavuja juu ya kitanda,
upande wa Ausi, namshukuru Mungu.
Tumetega sufuria.
Asubuhi naichukua, napita jikoni bila kusimama,
nawamiminia samaki.